Futi-pauni 2,648: namba ya kwenye boksi la risasi na kinachomuua kulungu kweli

Kila ikifika Novemba simu yangu inaanza kuingiza picha za maboksi ya risasi. Hapa Pennsylvania msimu wa bunduki unafunguliwa Jumamosi ya baada ya Thanksgiving, ile sikukuu yao ya shukrani ya mwisho wa Novemba, na siku hizi tumeongezeka, kuna watu wa Tanga, wa Mombasa, Wakongo wa Bukavu na Goma, tumepita darasa la uwindaji, tumekata leseni, tunaingia msituni na vizibao vya rangi ya machungwa kama wenyeji. Mtu anasimama dukani mbele ya rafu ndefu ya risasi, anapiga picha ubavu wa boksi ananitumia, na swali ni lile lile: kaka, hii ina nguvu ya kutosha kulungu?

Ubavuni mwa boksi huwa pana jedwali dogo. Mstari mmoja ni kasi, mwingine ni nishati, kwa yadi 0, 100, 200, 300 (yadi ni pungufu kidogo ya mita). Watu wote macho yanaenda kwenye nishati kwa sababu ndo namba kubwa na inaonekana kama inajibu swali. Mfano .308 Winchester, risasi ya kawaida kabisa yenye uzito wa greni 150, pale mdomoni mwa mtutu imeandikwa futi-pauni 2,648, hicho ndo kipimo chao cha nishati. Basi mtu akiona jirani yake .300 Winchester Magnum ina 3,500 anajua amepata dawa, kulungu ataanguka hapo hapo. Namba hizo hazidanganyi. Shida ni kwamba zinajibu swali lingine kabisa, na nataka nilifungue hili jambo taratibu maana kuna mnyama anayelipia tukilielewa vibaya.

Kwanza jina, tusichanganyane. Nyumbani kulungu ni yule wa vichakani mwenye madoa na michirizi meupe, pembe zake ni za maisha. Huyu wa Marekani mwenye mkia mweupe ni jamii nyingine, dume anadondosha pembe kila mwaka na anaotesha mpya, ndo yule ambaye Biblia ya Kiswahili inamwita ayala. Huku sote tunamwita kulungu na mimi nitamwita hivyo hivyo. Dume wa kawaida chukulia kilo 70, na eneo la moyo na mapafu ukimtazama kwa ubavu ni kama sahani ya wali, sentimita 20 hadi 25. Hiyo sahani uikumbuke.

Haya, hiyo nishati inatoka wapi. Ni ile nishati ya mwendo tuliyofundishwa sekondari, nusu ya uzito mara kasi mara kasi tena. Uzito wa risasi wanaupima kwa greni, na greni 7,000 ndo pauni moja, kwa hiyo greni 150 ni kama gramu 9.7, kitu kidogo tu, ukikiweka kiganjani hukihisi. Ukitaka kupiga hesabu yao mwenyewe chukua greni, zidisha kwa kasi ya futi kwa sekunde, zidisha tena kwa kasi hiyo hiyo, gawanya kwa 450,437. Greni 150, futi 2,820 kwa sekunde, unapata 2,648 na ushee. Angalia lakini kilichofanyika hapo, kasi imezidishwa mara mbili na uzito mara moja. Ukiongeza uzito maradufu nishati inakuwa maradufu, ukiongeza kasi maradufu nishati inakuwa mara nne. Ndo maana risasi ndogo yenye mbio inatoka na namba kubwa kwenye karatasi, na risasi nene ya pole pole inaonekana haina kitu. Hesabu yenyewe inapenda mbio.

Sasa hizo futi-pauni 2,648 ni kama jouli 3,590. Ni nyingi au kidogo? Ukizigeuza zote ziwe joto uzitie kwenye kikombe cha chai cha mililita 250, zitapandisha nyuzi tatu na nusu hivi, chai haipati hata uvuguvugu. Au chukua mfuko wa saruji wa kilo 50 udondoshe kutoka mita saba na kidogo, ukifika chini una nishati ile ile ya risasi ikitoka mtutuni. Ile ile! Na wote tunajua huo mfuko ukimwangukia mtu unamfanya nini, unamlaza chini. Hapo ndo watu wengi wanapopotea, wanadhani basi risasi nayo inampiga kulungu kama mfuko wa saruji, inamsukuma, inamrusha.

Haimsukumi. Kusukuma ni habari ya momenta, uzito mara kasi, kasi mara moja tu bila kuirudia. Mfuko wa saruji momenta yake ni karibu mara 70 ya ile ya risasi japo nishati ni sawa. Piga hesabu ya risasi ya greni 150 ikimfikia kulungu wa kilo 70 kwa mwendo wa futi 2,600 kwa sekunde, yaani karibu mita 790, na tuseme imebaki mwilini haikutoka upande wa pili, msukumo wote ameubeba yeye. Mwili mzima utasogea kwa kasi ya sentimita 11 kwa sekunde. Hiyo ni kasi ya kobe. Na hata bila kalkuleta unaijua, maana bunduki inapokupiga teke begani inakurudishia msukumo ule ule inaompelekea mnyama, kwa kweli unaobaki kwako ni mkubwa zaidi kidogo kwa sababu ya gesi za baruti, na wewe huanguki. Kama risasi ingekuwa na uwezo wa kumrusha kulungu chini kwa kumsukuma, mpigaji ndo angekuwa wa kwanza kukaa chini.

Kwa hiyo wale wanaoanguka hapo hapo, na wapo kweli nimewaona, wanaanguka kwa sababu ya waya. Ubongo au uti wa mgongo umeguswa, au risasi imepita karibu sana na uti mishipa ya fahamu ikapata mtikiso, basi miguu inapoteza mawasiliano. Kuna wanaosema mawimbi ya presha yanasafiri kwenye damu mpaka ubongoni, wataalamu wamebishana juu ya hilo miaka mingi, mimi sipangi shabaha yangu kwa kitu kinachobishaniwa.

Kinachomuua kulungu aliyepigwa vizuri mapafuni ni jambo moja tu, damu haifiki ubongoni. Mapafu yametobolewa, mishipa mikubwa imekatika, presha inashuka, na ubongo ukikosa damu una kama sekunde 10 hadi 15 tu za kufanya kazi. Lakini kulungu anaweza kukimbia karibu kilomita 50 kwa saa, na kwa sekunde hizo chache anaweza kukuachia mita 100 na zaidi akiwa tayari ni marehemu ila hajajua. Ndo maana anayeona kulungu ametoka mbio anasema nimemkosa, anaondoka, na mnyama amelala nyuma ya kichaka cha tatu.

Ukitaka ushahidi kwamba nishati peke yake siyo inayoua, mtazame mwenye upinde. Mshale wa greni 400 ukitoka kwa futi 280 kwa sekunde una futi-pauni 70 hivi. Sabini, siyo elfu mbili. Na kila vuli huku mishale inaangusha kulungu kwa maelfu, kifo safi kabisa, kwa sababu ile ncha yenye nyembe inakata njia kutoka ubavu hadi ubavu na mnyama anamwaga damu. Mshale una asilimia tatu tu ya nishati ya .308 na unafika pale pale. Njia tu ndo tofauti.

Hapa sisi wa pwani tuna kitu tulichofundishwa madrasa kabla hatujaona jedwali la boksi lolote. Adi bin Hatim alimuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kuhusu kuwinda kwa mi'radhi, ile fimbo nzito ya kurusha yenye ncha, akajibiwa kwamba ikimpiga kwa ncha ikamtoboa basi kula, ikimpiga kwa ubavu akafa usile, huyo amekufa kwa kipigo. Tofauti ya kutoboa na kugonga, miaka 1,400 iliyopita! Na neno lenyewe bunduki tumelitoa kwenye Kiarabu, bunduqa zamani ilikuwa kidonge cha udongo kinachorushwa kwa upinde maalumu, na mafakihi walikizuia kwa sababu kinavunja na kugonga, hakipasui. Risasi ya leo ilipokuja ikabidi waulizane upya, na wanazuoni wengi wa zama hizi wameona inatoboa na kumwaga damu kwa hiyo inaingia upande wa ncha, japo wapo wanaoshikilia umuwahi umchinje, na aliye na mashaka amuulize shekhe wake. Mimi nimelileta kwa sababu lile swali lao, je imetoboa au imegonga tu, ndo swali sahihi zaidi ya swali la futi-pauni ngapi.

Kwa upande wa maabara, mtu aliyelisimamia jambo hili kuliko wengine ni Martin Fackler, daktari mpasuaji wa jeshi la Marekani aliyewahi kuhudumia majeruhi Vietnam. Miaka ya 1980 aliongoza maabara ya majeraha ya risasi kwenye taasisi ya Letterman pale San Francisco, walikuwa wanapiga risasi kwenye bonge la jelatini ya asilimia 10 iliyopozwa hadi nyuzi 4, kisha wanapima kilichotokea ndani. Akatenganisha vitu viwili ambavyo watu walikuwa wanavichanganya. Kuna tundu la kudumu, nyama iliyosagwa na kukatwa na risasi yenyewe ilipopita, hilo halirudi. Halafu kuna uwazi wa muda, nyama inatanuka pembeni kwa mpigo mmoja kama maji yanavyoruka ukitupa jiwe, kisha inarudi. Mapafu na misuli inavutika kama mpira, inavumilia sana huo mtanuko. Ini halivumilii, linapasuka. Kwa hiyo risasi mbili zenye nishati sawa zinaweza kuacha majeraha mawili yasiyofanana hata kidogo, kutegemea nishati ilitumika kufanya nini na kwenye kiungo gani.

Mfano wa mezani. Risasi ya .223 Remington ya greni 55, inatoka na futi-pauni 1,282. Na ile kongwe .30-30 Winchester ya mwaka 1895, greni 170, ikifika kati ya yadi 100 na 150 inabaki na kama hizo hizo, elfu moja na mia mbili na kitu. Jedwali linasema ni mapacha. Lakini ile ndogo, hasa kama ni ya aina ya kuwindia wanyama wadogo, ganda lake jembamba, ikigonga mfupa wa bega inasambaratika juu juu, inaacha donda pana la kutisha kwenye nyama ya bega na mapafu hayajaguswa, mnyama anaondoka na miguu mitatu akafie mbali baada ya siku. Ile .30-30 inapita na mfupa na mapafu yote mawili inatokea upande wa pili. Nishati moja, kulungu wawili tofauti.

Basi nishati haina kazi? Inayo, na kubwa sana, ila kazi yake ni kulipia gharama. Risasi ya kuwindia imetengenezwa ichanue, ikigusa nyama yenye maji pua yake inafunguka inajikunja nyuma kama uyoga, upana unakaribia kuwa maradufu, na ile sura pana ndo inakata tundu kubwa. Kuchanua kunataka nguvu, kuvunja mbavu kunataka nguvu, kusonga mbele huku ukiwa umetanuka kunataka nguvu zaidi. Vyote hivyo vinalipiwa na nishati. Ikiisha kabla ya kufika mapafu ya pili, umebaki na deni. Ikizidi sana kwa risasi laini, risasi inafunguka mapema kupita kiasi inameguka vipande.

Hilo la pili ndo lililomkuta John Nosler, mwindaji wa Oregon, mwaka 1946 huko British Columbia. Alimpiga dume wa kulungu wale wakubwa wa kaskazini (moose), wanaoweza kufika kilo 500, ngozi yake imejaa matope makavu, na risasi zake za mwendo mkali zikawa zinapasukia juu juu, mnyama amesimama tu. Mtu yule hakuwa amekosa nishati, alikuwa nayo tele. Alirudi nyumbani akabuni risasi yenye ukuta wa shaba katikati, nusu ya mbele inachanua na nusu ya nyuma inabaki nzima inasukuma, na 1948 akaanzisha kampuni juu ya wazo hilo, mpaka leo inauzwa. Baadaye zikaja risasi za shaba tupu, hazina madini ya risasi ndani kabisa (lugha yetu hapa inatubana, risasi ni madini na risasi ndo hiyo hiyo inayoruka), zinafunguka kama maua yenye petali nne au sita na hazipotezi uzito. California imelazimisha aina isiyo na madini hayo kwa uwindaji wote tangu tarehe 1 Julai 2019, hasa kwa ajili ya ndege wakubwa wanaokula mizoga na kupata sumu. Mimi nazitumia kwa sababu nyumbani kuna watoto wanaokula hiyo nyama, na vipande vidogo vya risasi laini vinasambaa mbali na tundu kuliko macho yanavyoona.

Ila shaba ni ngumu, inataka kasi ili ifunguke. Na hapa narudi kwenye lile jedwali, maana mstari muhimu ni ule wa kasi ambao watu wanauruka. Risasi nyingi za kuwindia zinataka zifike kwa mnyama na angalau futi 1,800 kwa sekunde ndo zichanue vizuri, baadhi ya za shaba zinataka karibu 2,000, mtengenezaji mwenyewe huandika. Chukua ile .308 ya greni 150: mdomoni 2,820, yadi 100 imebaki 2,533, yadi 200 ni 2,263, yadi 300 ni 2,009, na yadi 400 ni 1,774. Nishati kwa yadi hizo hizo inashuka kutoka 2,648 hadi 2,137, halafu 1,705, halafu 1,344, halafu 1,048. Umeona pale mwisho? Watu wengi wanashika kanuni ya mitaani kwamba kulungu anataka futi-pauni 1,000, na kwa yadi 400 kanuni inakwambia bado upo salama, una 1,048. Lakini kasi imeshashuka chini ya 1,800, risasi inaweza kupita kama msumari, imetoboa tundu dogo ikaenda zake, na kulungu naye anaenda zake.

Geuza upande wa pili, .30-30 ya greni 170, yadi 200 ina futi-pauni 989 tu, kwa kanuni ile imefeli. Kasi yake pale ni 1,619, lakini risasi zake zimetengenezwa na pua laini zikijua zitatembea polepole, kwa hiyo zinafunguka kwenye kasi ambayo nyingine zingelala. Hata hivyo sipendi kuona mtu anaitumia umbali huo, inashuka sana njiani na kukadiria ni kazi, ila ndani ya yadi 100 na ushee, ambayo ndo misitu yetu ya huku ya mialoni, imewalisha watu zaidi ya karne.

Serikali zinatumia nishati kwenye sheria kwa sababu ni namba moja inayopimika, afisa hawezi kuandika kwenye sheria kwamba tumia risasi inayochanua vizuri. Colorado wanataka kaliba, yaani kipenyo cha risasi, isipungue inchi .24, risasi ya kulungu isipungue greni 70, na nishati ya futi-pauni 1,000 ikifika yadi 100. England na Wales wanadai 1,700, lakini wao wanaipima mdomoni mwa mtutu. Ujerumani kwa kulungu wao mdogo (roe) wanataka jouli 1,000 kwa mita 100, na kwa wakubwa jouli 2,000 na kaliba ya milimita 6.5 kwenda juu. Sheria tatu, sehemu za kupimia hazilingani, namba hazilingani, na kulungu wanakufa vizuri kote. Hiyo ni sakafu ya kuzuia mtu asiende na kitu cha kitoto, siyo ahadi kwamba ukivuka hapo kazi imeisha.

Halafu kuna gharama ambayo boksi haliiandiki kabisa, teke. Kwenye bunduki ya uzito wa kawaida .243 inarudisha begani kama futi-pauni 10, .308 inazidi 15, na .300 Winchester Magnum inaweza kufika 25 na zaidi. Hizo unazilipa wewe, kila unapofanya mazoezi. Bega linajifunza haraka kuliko akili, likishaumia linaanza kujikunja sehemu ya sekunde kabla kidole hakijamaliza kuvuta, jicho linafumba, na mtutu unasogea. Sogeo la upana wa ukucha pale kwenye bunduki, kwa yadi 100, umeshatoka nje ya ile sahani ya wali.

Najua kwa sababu msimu wangu wa pili nilikuwa nayo. Nilinunua Magnum nikiamini nanunua huruma, yaani mnyama asiteseke, nguvu nyingi afe upesi. Nilifanya mazoezi risasi kumi na moja nikaacha kwa maumivu, nikajiambia inatosha. Jioni moja kulungu jike akatokea pembeni ya kijito, yadi 80 tu, amesimama ubavu, shabaha ambayo mtoto mwenye .243 angeiweka katikati. Nikavuta, nikafumba jicho, najua nilifumba kwa sababu sikuona chochote kwenye darubini mpaka mlio ulipokwisha. Alikunja mgongo kama paka akatembea. Hakukimbia, alitembea kichwa chini mkia chini.

Anayefuata damu anajifunza kuisoma. Damu ya mapafu ni nyekundu ya kung'aa yenye povu, vimapovu vidogo vidogo kama vya sabuni, ukiiona hiyo subiri nusu saa tu halafu nenda, atakuwa karibu. Ya ini ni nyeusi nyeusi imeiva, subiri saa tatu nne. Nilichokikuta mimi kwenye majani ni matone machache ya maji maji ya kijani yaliyochanganyika na damu, nikainama kunusa, harufu ya tumbo. Mzee jirani yangu ambaye ndo alinifundisha msitu nilimpigia, akaniambia kaa mbali, ukimfuata sasa atakimbia kilomita, tumwache alale, twende alfajiri. Futi-pauni zaidi ya 3,000 zilimfikia yule kulungu, na alikuwa hai.

Nataka niseme pia kuhusu wanaosema afadhali risasi ibaki ndani ili nishati yote iishie mwilini, ikitoka upande wa pili eti imepotea. Nimesikia hoja hii sana na siikubali. Huku wengi tunakaa juu ya mti, futi 15 au 20, risasi inaingia juu kwenye mbavu. Isipotoka upande wa chini, damu yote inajaa kifuani kama ndoo, nje haidondoki hata tone mpaka ijae ifike juu, na wewe umesimama na tochi unatafuta mnyama aliyekufa mita 60 kutoka ulipo. Tundu la kutokea la chini linakuandikia njia ardhini. Nishati iliyotoka nje na risasi haikuwa na kazi nyingine tena, mapafu yote mawili yalishakatwa. Napenda matundu mawili kila siku, na nipo tayari kumpa mti wa nyuma nishati iliyobaki.

Na jikoni pia utaona. Siku ya kuchuna, kulungu aliyepigwa begani kwa karibu na risasi laini ya mwendo mkali, ukivua ngozi unakuta nyama imevia damu, nyeusi, inatelezateleza kama jeli, unakata unatupa mpaka shingoni, robo nzima imekwenda. Huo ndo ule uwazi wa muda umefanya kazi mahali ambapo hapakuwa na faida. Ukipiga nyuma kidogo ya bega, kwenye mbavu, risasi ya kiasi, unapoteza nyama ya kushikia kiganjani tu.

Kwa hiyo mtu akinitumia picha ya boksi siku hizi namuuliza mimi maswali. Utapiga umbali gani, siyo unaotamani, ule utakaopata pale ulipokaa. Risasi yenyewe imetengenezwaje na kwa umbali huo itafika na kasi gani. Na ukipiga risasi tano kwa yadi 100 ukiwa umekaa kama utakavyokaa msituni, zote zinaingia kwenye sahani? Akinijibu vizuri hayo matatu, huwa siangalii mstari wa nishati, na kwa kulungu wa huku .243, .308, 6.5 Creedmoor, .270, zote zinatosha na zinabaki.

Yule jike tulimkuta saa moja na nusu asubuhi, mita 200 kutoka alipopigwa, amelala kwenye majani ya mialoni ukingoni mwa kijito, barafu nyembamba imemganda mgongoni. Alinyanyua kichwa akatuangalia. Nikapiga bismillahi nikammaliza, na nilipopasua ili nione nilichofanya, tundu la kuingilia lilikuwa sentimita 30 nyuma ya bega, safi kabisa, mapafu yote mawili hayana hata mkwaruzo.